Asubuhi magoti yamekaza, jioni anakimbia: nimbebe au nimwache atembee?

SWALI

Shikamoo Mama Mkubwa,

Mimi ni mama wa mapacha wa kike, Kulwa na Doto, wana miaka minne na nusu. Naishi Isevya, Tabora mjini, nina genge la mboga na matunda. Baba yao yuko Urambo kwenye tumbaku, anakuja mwisho wa mwezi, akikosa nauli anakuja mwisho wa ule unaofuata.

Shida yangu ni Kulwa. Mwaka jana mvua zilipokatika alianza kuchechemea. Nilidhani ameanguka akaogopa kusema. Wiki mbili baadaye goti la kushoto lilikuwa limejaa kama chungwa, halina kidonda, ukiligusa lina joto kidogo. Mama mkwe akasema ni baridi imemwingia, tukamkanda. Hakupona, akampeleka kwa mtu akamchanja chale kulizunguka goti zima. Kisha ikaja dawa ya unga kutoka kwa muuza mitishamba. Hiyo ilimwinua kitandani siku ya tatu, tukashangilia. Baada ya mwezi mashavu yalikuwa yamemjaa kama puto, na unga ulipoisha goti likarudi vilevile, la pili likafuata. Hospitali walimpima selimundu, hana. Wakapima kifua kikuu, hana. Wakavuta maji ya goti. Mpaka tunaambiwa ni yabisi ya watoto, miezi mitano ilikuwa imepita. Sasa anakunywa dawa ya maji ya kutuliza maumivu, na vidonge vya mara moja kwa wiki, kila Ijumaa.

Dawa zimesaidia, namshukuru Mungu. Kinachonitoa machozi ni kutoka naye nje ya nyumba.

Asubuhi Kulwa haamki kama wenzake. Anakaa ukingoni mwa kitanda ananyoosha mikono nimbebe. Nambeba kwenda chooni, nambeba kwenda kwenye uji. Chekechea ni mwendo wa dakika ishirini kwa miguu yangu. Namweka kwenye keria ya baiskeli, mimi nasukuma, Doto anatembea pembeni. Mwezi uliopita mguu wake uliingia kwenye spoku. Bahati nilikuwa sijapanda, ikakatika kandambili tu. Tangu siku hiyo naogopa. Nikiwa na hela napanda bodaboda, namkalisha katikati yangu na dereva, lakini tukifika hawezi kunyoosha miguu, analia pale barabarani watu wanatutazama.

Halafu ikifika saa kumi jioni, mtoto huyohuyo anakimbizana na Doto. Hapo ndipo ninapoonekana mwongo. Majirani wanasema anadeka. Mwalimu wake ameniambia mtoto anaigiza, kwa sababu asubuhi hataki kusimama mstarini lakini mapumziko anacheza. Anayeniumiza zaidi ni mama mkwe: Kulwa hapigi magoti akimwamkia, na kwetu mtoto wa kike asiyepiga magoti ni mtoto ambaye mama yake hakumfunza. Anasema namlea kizungu. Sasa na Doto ameanza kuchechemea, akiona mwenzake kapandishwa kwenye baiskeli anasema na wake mguu unauma. Sijui ni ugonjwa umehamia kwake au ni wivu.

Mwezi ujao tunatakiwa Bugando, Mwanza, kwa daktari bingwa wa watoto na kliniki ya macho. Macho, Mama Mkubwa, wakati anayeumwa ni miguu! Sijasafiri naye mbali tangu augue.

Naomba uniambie: nimbebe au nimwache atembee? Na hiyo safari naifanyaje?

Mama Kulwa, Isevya

JIBU

Marahaba mwanangu, na mwangaluka. Kwa majina hayo usihofu kutambuliwa, Unyamwezini mapacha wote ni Kulwa na Doto.

Nimefanya uuguzi wadi za watoto mpaka nikastaafu, na watoto wa aina ya Kulwa nimewapokea, wengine wakiwa wamechelewa kuliko wako. Kabla ya baiskeli na mabasi, tuondoe hilo la kuigiza, kwa sababu naona ndilo linalokunyima usingizi.

Ndani ya kila kiungo kuna utando mwembamba unaotoa ute wa kulainisha. Kwa mtoto mwenye yabisi, kinga ya mwili wake mwenyewe inaushambulia utando huo, unavimba, unatoa maji kupita kiasi. Mtoto akitulia kwa muda mrefu, kiungo kinaganda. Umewahi kuufunua uji wa jana sufuriani? Umesimama, mwiko haupiti. Upashe moto, koroga taratibu, unarudi kuwa uji. Goti la Kulwa ndivyo lilivyo. Usiku limelala, alfajiri limeganda. Akihangaika nalo saa moja au mbili linalegea, na kufika jioni anakimbia. Hakuna mtoto wa miaka minne anayeweza kupanga uongo wa kuumwa saa kumi na mbili asubuhi na kupona saa kumi jioni, kila siku, miezi mingi. Mabadiliko hayo ya asubuhi na jioni, ambayo jirani anayaona ni ushahidi wa kudeka, ni dalili ambayo daktari huiuliza mapema kabisa.

Na ndiyo maana akishuka kwenye bodaboda analia. Amekaa magoti yamekunjwa dakika kumi na tano, yameganda tena.

Kwa hiyo swali lako la kubeba au kutembea nalijibu kwa saa. Kulwa ana saa yake, na saa yake iko nyuma ya saa yako na ya mwalimu kwa muda wa saa mbili. Asubuhi anahitaji mgongo wako au gurudumu. Kuanzia saa nne hivi anahitaji miguu yake mwenyewe. Ukimbeba mchana kutwa kwa huruma, misuli ya paja inanyauka na goti linazoea kukaa limekunjwa, na goti likishazoea hivyo kulinyoosha ni kazi ya miezi kwa mtaalamu wa viungo. Ukimlazimisha atembee alfajiri ili majirani waridhike, unamtia maumivu na unamfundisha kuuogopa mguu wake. Nimeona makosa yote mawili. La kwanza hufanywa na mama, la pili hufanywa na watu wanaomsema mama.

Kumbeba mgongoni kwa kitenge si vibaya, ila kitenge kinayakunja magoti na kuyabana. Kiwe cha kwenda chooni na kurudi, si cha kutembea nacho Isevya mpaka sokoni. Mkifika, mkalishe akiwa amenyoosha miguu kidogo kabla hujamsimamisha. Na usiku usimwekee mto chini ya magoti, hata akikuomba, hata bibi akisema unampumzisha. Anajisikia vizuri, lakini goti linalala limekunjwa usiku kucha.

Mwamshe saa nzima kabla ya muda wa kuondoka, na usimtoe kitandani papo hapo. Mpe uji, halafu dawa ya maumivu kama ratiba ya daktari inavyosema, maana dawa hizo hazipendi tumbo tupu. Kisha beseni la maji ya uvuguvugu, akae ndani, mpe kikombe achotee na kumwaga. Dakika kumi au kumi na tano. Wewe unafunga mboga zako huku yeye anapiga mateke ndani ya maji, na mateke yale ndiyo mazoezi yenyewe. Sitaki kusikia habari ya kukanda kwa kuvuta na kukandamiza. Kitambaa cha uvuguvugu juu ya goti sawa. Mikono ya nguvu juu ya kiungo kilichovimba hapana. Miezi ya Juni na Julai, upepo wa Tabora unapopuliza asubuhi, mvalishe soksi ndefu na suruali nzito. Baridi haikumletea ugonjwa huu, mama mkwe kakosea hapo, ila baridi inafanya kukakamaa kuumize zaidi, kwa hiyo hakukosea kote.

Sasa baiskeli. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu wewe uko Tabora, mji tambarare ambao watu wake wanaishi juu ya baiskeli, na una usafiri mzuri kuliko mama mwenzako wa Kigoma anayepandisha kilima cha Mwanga na mtoto mgongoni. Kigari cha mtoto cha mtumba usihangaike nacho, magurudumu yake ni kama vifuniko vya chupa, mchanga wa vichochoro vya Isevya utakizamisha. Baiskeli yako inatosha, ila keria tupu si kiti cha mtoto yeyote, sembuse huyu. Miguu ya Kulwa inaning'inia kwa sababu haina pa kukanyaga, na mguu unaoning'inia ndio unaouma na ndio unaofuata spoku.

Nenda kwa fundi wa kuchomelea. Mwambie akuchongee kiti kidogo cha vyuma vyembamba juu ya keria, chenye mgongo na vyuma vya kuzuia ubavuni, na chini yake vikanyagio viwili, kimoja kila upande. Kikanyagio kikae chini kiasi kwamba goti halijikunji sana, wala halijanyooka kabisa. Mbele ya kikanyagio kuwe na ukuta wa kuzuia kidole kisipite kuelekea kwenye gurudumu. Gurudumu la nyuma lifunikwe pande zote mbili kwa waya wa neti au plastiki ya ndoo kuukuu iliyokatwa na kufungwa kwa waya. Chini ya makalio weka godoro la kipande, maana barabara ya vumbi inarusha na kila mrusho unafika kwenye goti. Kumfunga, tumia kanga iliyokunjwa pana kiunoni, si kamba. Na avae viatu vya kufunga, kandambili ile iliyokatika iwe ya mwisho. Njia ikiwa nzuri unaweza kuiendesha, lakini penye magari endelea kusukuma.

Halafu fanya hivi: msimamishe hatua mia moja kabla ya geti la chekechea, ashuke, atembee mwenyewe akiwa ameshika keria. Wiki ijayo hatua mia moja na hamsini. Akiamka siku goti limejaa, rudini kwenye mia, au msihesabu kabisa siku hiyo. Atakuwa anafika kwa miguu yake mbele ya wenzake, na viungo vimeanza kulegea. Ikitokea umepata baiskeli ndogo ya matairi matatu ya mtumba, mnunulie. Kuendesha baiskeli ni mazoezi mazuri mno kwa goti la namna hii, kwa sababu linakunjika na kunyooka bila kubeba uzito wa mwili. Jioni amfukuze Doto nayo.

Bodaboda ya kukaa mshikaki iwe ya dharura. Bajaji ni ghali zaidi lakini ananyoosha miguu. Tafuta dereva mmoja, mpatane bei ya wiki kwa zile siku goti limechachamaa.

Doto. Watoto wawili wa nyumba moja kuupata ugonjwa huu si jambo la kawaida, na hauambukizi, hata kwa kulala kitanda kimoja. Lakini mtazame mara moja kwa makini ili moyo wako utulie: alfajiri, kabla hajaamka vizuri, weka viganja vyako juu ya magoti yake yote mawili, linganisha joto na unene, mwangalie hatua zake tano za kwanza kutoka kitandani. Kama yako sawa na anachechemea tu anapoiona baiskeli, dawa yake ni zamu. Siku mbili kwa wiki Doto apande wakati wa kurudi, Kulwa atembee, kwani mchana Kulwa anaweza. Mtoto anayemwona pacha wake akibebwa kila siku bila kuelezwa sababu atatafuta ugonjwa wake mwenyewe, na kuchechemea ndiko kulikokuwa karibu.

Kuhusu mwalimu, usiende na malalamiko, nenda na karatasi. Daktari wa Kulwa ana mistari mitatu ya kuandika: huyu ana yabisi, asubuhi anakakamaa, aruhusiwe kuchelewa na kukaa. Omba barua hiyo mkiwa kliniki. Mwombe mwalimu mambo machache tu: kigoda badala ya kukaa mkekani miguu imekunjwa, ruhusa ya kuinuka na kuzunguka kila baada ya muda hata kama wengine wamekaa, na choo. Choo, mwanangu, hukukiandika lakini najua kipo. Choo cha shimo kinataka kuchuchumaa, na mtoto mwenye magoti yale hawezi kuchuchumaa asubuhi, kwa hiyo anajizuia mpaka arudi nyumbani, na wengine hata maji wanaacha kunywa. Nyumbani mpe poti, au kiti cha plastiki kuukuu kilichotobolewa katikati kiwekwe juu ya shimo. Kingine kama hicho kipeleke chekechea. Ni elfu chache na kitaokoa machozi mengi kuliko dawa.

Mama mkwe nimemwacha nyuma kwa makusudi, hapo panahitaji adabu kuliko ujuzi. Usimwambie kwamba kupiga magoti ni mila iliyopitwa. Mwambie mjukuu wake anataka kupiga na magoti yanakataa. Mwalike siku moja aje kulala kwako, umwachie yeye kazi ya kumtoa Kulwa kitandani. Usiseme neno. Bibi akishamshika mtoto mwenyewe alfajiri na kuliona goti likigoma kunyooka mkononi mwake, hutakuwa na haja ya kumweleza. Kisha mfundishe Kulwa aamkie kwa kushika mkono wa bibi kwa mikono yake miwili na kuinamisha kichwa. Heshima imefika. Hizo chale usizitaje tena, zimepona.

Ule unga, hata hivyo, utaje, na utaje kwa daktari wa Mwanza. Maumivu kutoweka siku ya tatu na mashavu kujaa ni sura ninayoijua: ndivyo steroidi zinavyofanya kazi, kama prednisoloni na deksamethasoni, na wapo wauzaji wanaosaga vidonge hivyo na kuvichanganya kwenye mitishamba. Daktari huzitumia dawa hizo kwa kipimo na huziacha kwa kuzipunguza kidogo kidogo. Mtu wa sokoni hapimi, na mtoto akizitumia muda mrefu kisha zikakatwa ghafla anaweza kuzidiwa vibaya. Akiletewa tena, usimpe.

Safari, basi. Njia yenu ni Nzega, Tinde, Shinyanga mpaka Mwanza, na mabasi yanaondoka alfajiri, saa ambayo ni mbaya kuliko zote kwa Kulwa. Kata tiketi mapema, siti za mbele, maana za nyuma zinarusha, na mkatie siti yake. Najua ni nauli nyingine, lakini mtoto wa kupakata safari nzima anafika amekunjika kama kanga. Wewe kaa dirishani, yeye akae upande wa njia aweze kunyoosha mguu. Ongea na konda kabla ya kuondoka, si mkiwa barabarani: mwambie kila gari likisimama huyu atashushwa atembee dakika tatu. Makonda wanasemwa vibaya, lakini ukiwaeleza mapema, wengi wao watakusaidia kumshusha mtoto. Chukua poti ndogo. Basi likisimama porini abiria wakachimbe dawa, Kulwa hawezi kuchuchumaa kwenye majani. Chukua na chupa ya chai yenye maji ya moto na taulo dogo la kuloweka na kumwekea magotini. Dawa na karatasi za vipimo vikae kwenye mkoba wa mkononi, kamwe si kwenye buti.

Kama siku ya treni inalingana na tarehe yenu, mimi ningepanda treni. Reli ya kutoka Tabora kwenda Mwanza ni ya zamani na ina uvivu wake, ulizeni ratiba stesheni, lakini kwenye daraja la pili la kulala mtoto analala amenyooka na akiamka anatembea koridoni. Kwa mtoto wa yabisi uvivu wa treni ni afadhali kuliko haraka ya basi.

Msiende kliniki siku hiyohiyo mnayofika. Laleni kwa ndugu au nyumba ya wageni, apate asubuhi yake ya maji ya uvuguvugu, daktari amwone. Na hii ni siri ya wauguzi: ukipewa namba ya mchana, daktari ataona mtoto anayetembea vizuri. Mrekodi kwenye simu akitoka kitandani, sekunde thelathini kwa siku tatu tofauti. Video hiyo itasema kuliko maelezo yako ya nusu saa.

Na macho, usiyaache hata kama nauli imebaki ya kliniki moja tu. Ugonjwa huuhuu huweza kushambulia ndani ya jicho, na hufanya hivyo kimya. Jicho haliwi jekundu, haliumi, mtoto halalamiki, mpaka uwezo wa kuona umeshapungua na pengine haurudi. Watoto wa kike waliouanza wakiwa wadogo na kwenye viungo vichache, kama Kulwa, ndio walio hatarini zaidi. Ukimtazama machoni wewe, au mimi, au daktari wa kawaida kwa tochi, hatuoni kitu. Inatakiwa ile mashine ambayo mtoto anaweka kidevu, mwanga mwembamba kama uzi unapita kwenye jicho. Haiumi. Mwanzoni hurudiwa kila baada ya miezi mitatu hivi, na inaendelea hata magoti yakitulia. Uliza kabla ya kuondoka Mwanza kama mashine hiyo na mtu wa kuitumia wapo hospitali ya Kitete hapo Tabora, ili safari za macho ziwe za baiskeli.

Vidonge vya Ijumaa nadhani ni methotreksati. Ni mara moja kwa wiki, na kosa la kuvitoa kila siku limeua watu, kwa hiyo andika Ijumaa kubwa kwenye boksi na mama mkwe aione. Kwenye duka la dawa usikubali akapewa Septrin bila daktari wake kujua, dawa hizo mbili zikikutana zinaweza kuangusha damu. Chanjo yoyote nayo waeleze kwanza anatumia nini. Akipata homa, usisubiri kesho wala usiseme ni viungo: akapimwe malaria na aonwe na daktari siku hiyohiyo. Vilevile goti moja likiwaka moto ghafla na mtoto akakataa kabisa kulikanyaga, hiyo si asubuhi yake ya kawaida, ni hospitali.

Gharama: hajafika miaka mitano, na sera ya nchi ni kwamba chini ya hapo halipi kwenye vituo vya serikali, ingawa sote tunajua mara ngapi unaambiwa dawa kanunue nje. Fika dirisha la ustawi wa jamii hospitali, na fika kabla ya siku yake ya kuzaliwa, faili lake liwe limeshajulikana.

Wasomaji wengine wenye mtoto anayechechemea, mmemsikia mwenzenu: walianza kupima selimundu na kifua kikuu, na ndivyo inavyotakiwa, maana nchi yetu ina watoto wengi wa selimundu na huanza kwa kuvimba na kuuma vilevile. Lakini vipimo vikirudi safi na kiungo bado kimevimba, kikipita wiki sita msikubali jibu la "atakua litaisha". Mtu akikuambia yabisi ni ya wazee, mjibu kwamba Uingereza, wanakohesabu, inakadiriwa mtoto mmoja kati ya 1,000 anao.

Kwa fundi nenda na Kulwa mwenyewe, mpime kutoka kalioni mpaka wayo akiwa amekaa, ajaribu kukanyaga kabla chuma hakijachomelewa. Mpeleke jioni, mwanangu. Ukimpeleka asubuhi fundi atapima mguu uliokunjika.